Mchi wa Tatu

Kuku wa Yusta walikuwa watano, na Ijumaa ile wote watano walipanda juu ya turubai la kimea bila kupiga hodi, wakala kama watu walioalikwa. Mlinzi alikuwepo. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, hatua tatu tu kutoka hapo, na fimbo ya kuwafukuzia ilikuwa imelala miguuni pake. Mlinzi mwenyewe ni Jackline, mjukuu wake, mtoto wa miaka kumi aliyekuja kutoka Mbeya kwa likizo ya Juni. Waya masikioni, simu mkononi, vidole gumba vinarukaruka juu ya kioo kama mvua ya kwanza juu ya bati.

"Jackline!" Yusta aliita kutoka jikoni.

Kimya.

"We Jackline! Kuku hao!"

Kimya tena. Yusta alitoka na mwiko mkononi, lakini hakukurupuka. Tangu Mungu amchukue mumewe Marcelino, miaka kumi na mmoja sasa, alikuwa amejizoeza kutazama kwanza na kusema baadaye. Akasimama mlangoni, akatazama. Jogoo alimsogelea mtoto mpaka kwenye vidole vya mguu. Mtoto akauhamisha mguu bila kumwangalia, akaendelea na kazi yake. Kilichomshangaza Yusta ni kwamba hata ule mguu ulihama kwa mpigo.

Akaenda, akamchomoa waya mmoja sikioni.

"Bibi! Umenikosesha! Nilikuwa nimebakiza vinane tu!"

"Vinane vya nini?"

"Vitofali."

"Na kimea changu kimebaki kiasi gani?"

Jackline akageuka, akaona. Robo nzima ya turubai ilikuwa nyeupe kama sahani iliyorambwa. Kuku walikuwa wamesimama pembeni, wamevimba, wanajifuta midomo ardhini.

Kimea kile hakikuwa cha mchezo. Yusta alikuwa ameloweka ulezi, akauotesha, akauanika juani, ili Jumapili ya Mavuno, siku tisa mbele, Jumuiya ya Mtakatifu Monika iwe na togwa ya kuwapa watu baada ya misa. Hakumpiga mtoto wala hakupandisha sauti. Alinyoosha kiganja tu, na simu ikawekwa juu yake. Jioni hiyo simu ililala ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na khanga za harusi na rozari ya marehemu.

"Bibi, sasa nitafanya nini?" Jackline aliuliza, machozi yakiwa karibu.

"Utafukuza kuku, mke mwenzangu."

Kabla jua halijazama alifika Rozalia, mwenyekiti wa jumuiya, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. "Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele na milele, amina. Karibu, Mama Mwenyekiti."

"Sikai. Nikikaa nitalia." Akakaa. "Esnath haji. Mwanawe kanipigia kutoka Uyole, huko Mbeya anakomuuguza. Miguu imevimba, daktari kamwambia asisimame zaidi ya kupika chai."

Yusta aliuweka mwiko chini polepole.

Parokiani kwao Kihesa kila jumuiya ina namna yake ya kupeleka mavuno altareni. Wengine huingia na ndizi kichwani, wengine na vikapu vya nyanya, wengine na mwanakondoo anayelia kumshinda padri. Jumuiya ya Mtakatifu Monika huingia na kinu. Wanaume wanne wanakibeba mpaka mbele, mahindi mapya yanamiminwa, na wanawake watatu wanatwanga katika kinu hicho kimoja, mmoja baada ya mwingine, huku wimbo ukiwa juu yao. Wakitwanga wawili inasikika kama jikoni kwa mtu. Wakitwanga watatu, kanisa zima linaanza kuyumba. Mchi wa kwanza ni Rozalia, wa pili ni Yusta. Wa tatu ndio mgumu, kwa sababu anayeushika anapenya kwenye nafasi nyembamba kama ufa wa mlango, na kwa miaka yote hiyo alikuwa Esnath. Esnath alikuwa akiuachia mchi hewani, anapiga kofi moja, anaudaka, na vigelegele vinapasuka.

"Katekista anasemaje?" Yusta aliuliza.

Rozalia akaibana pua yake kumwiga Vitus katekista: "'Mama Mwenyekiti, michi ikiwa si mitatu, leteni kapu tu, mpite na wenzenu.' Kapu! Mimi nipite na kapu!"

Yusta alicheka kidogo, lakini ndani moyo ulikuwa mzito. Mwaka ule alipomzika Marcelino alikaa ndani miezi mitatu, dirisha limefungwa. Waliomtoa ni hao wawili. Rozalia alimshika mkono mmoja, Esnath mwingine, wakamsimamisha mbele ya kinu, wakamtia mchi mikononi. Hawakumwambia pole. Walimwambia, "Twanga." Alitwanga huku analia, na kufika ubeti wa mwisho alikuwa anaimba. Kinu kile kikikaa nyuma ya nyumba mwaka huu, alijua kitakaa na mwaka ujao, na unaofuata, mpaka kuku waatamie ndani yake.

Jumamosi walimjaribu Apolonia, mke wa mwalimu. Mwanamke mwema, ana nguvu, lakini masikio yake na mikono yake havijawahi kufahamiana. Pigo la nne liligonga mchi wa Rozalia ukamrukia kidevuni.

"Apolonia mwanangu," Rozalia alisema, anajipapasa meno kuhesabu kama yote yapo, "wewe Jumapili utabeba maua."

Apolonia alipoondoka, wawili hao waliendelea kutwanga kimya kimya, kwa hasira, ili mahindi yasiishie njiani. Du, du. Du, du. Baada ya muda Yusta aliona mikono yake imekuwa miepesi. Mwili ulikuwa unafurahi kabla yeye mwenyewe hajajua kwa nini. Akatega sikio. Palikuwa na mlio wa tatu. Mdogo, wa bati, umekaa palepale panapotakiwa: du, du, ti. Du, du, ti.

Akageuza macho bila kugeuza kichwa. Jackline alikuwa amekaa karibu na turubai, fimbo ya kuku mapajani, anapiga mfuniko wa sufuria kwa kijiko. Uso wake ulikuwa wa mtu anayewaza mambo mengine kabisa. Tangu anyang'anywe simu alikuwa anapiga kila kitu, kikombe, magoti, ubao wa kitanda, mpaka wakati wa sala ya chakula vidole vilikuwa vinatambaa juu ya meza.

"Rozalia," Yusta alinong'ona, "usisimame. Sikiliza."

Rozalia akasikiliza. Macho yakamtoka. "Yule mtoto?"

"Yule mtoto."

"Si ndiye aliyelisha kuku kimea?"

"Ndiye huyohuyo."

Siku hiyo hiyo Yusta aliwasha kitochi, simu yake ndogo ya vitufe, akampigia binti yake Eveline, mpishi wa hoteli moja Mbeya mjini. Alitaka kujua hiyo simu imemfundisha mtoto nini.

"Mama, usimnyime kabisa," Eveline alisema, sufuria zinagongana nyuma yake. "Unakumbuka alivyokuwa? Alikuwa hawezi hata kuruka kamba. Wenzake wanahesabu moja, mbili, yeye kamba inamkuta njiani, anaanguka, wanamcheka. Alianza lile gemu la vitofali, na baada ya kama miezi mitatu hivi, siku moja nikamkuta anaruka na wenzake. Mwalimu naye akasema sasa anatulia, anamaliza hesabu zake."

"Ni jambo la kumshukuru Mungu."

Eveline akashusha sauti. "Lakini na mimi nimekosea, Mama. Nikiwa zamu namwachia simu ili akae ndani. Anaicheza mpaka macho yanakuwa mekundu. Chakula nakikuta kimepoa mezani. Muhula uliopita alisinzia darasani mara mbili, mwalimu akaniandikia barua. Na ukimwita haitiki."

"Hilo nimeliona. Hata kuku wameliona." Yusta akawaza. "Dawa ya kikohozi mtu hanywi chupa nzima, Eveline."

"Ndiyo, Mama."

Nyuma ya mlango wa chumba chake kulikuwa na mchi mfupi, mwembamba, umefunikwa na vumbi. Marcelino alimchongea Eveline alipokuwa mdogo, na Eveline hakuupenda hata siku moja. Yusta aliufuta kwa ncha ya khanga, akampa Jackline. Mtoto aliupima mkononi, akautupa juu kidogo, akaudaka.

"Ni wangu?"

"Ukiuweza."

"Ndaga, Bibi," akashukuru, kwa lugha ya baba yake Ipyana wa Tukuyu.

Jumatatu walianza mazoezi. Mizunguko ya mwanzo ilikwenda vizuri, hata Rozalia akaanza kuimba. Du, du, du. Mchi mdogo ulipenya kwenye ufa wake bila kugusa mtu. Yusta alisikia nywele zinamsisimka. Kisha Rozalia, ambaye ana mwili wake na umri wake, alichoka kidogo, akavuta pumzi, mkono ukachelewa kwa kitambo kisichofika hata kupepesa jicho. Yusta alichelewa naye, bila kufikiri. Jackline hakuchelewa. Mchi wake ulishuka kama ulivyokuwa ukishuka, ukakutana na wa Rozalia hewani, kwa!, na ule mkubwa ukaangukia kidole cha mguu cha mwenyekiti wa jumuiya.

"Yesu na Maria! Mnataka niingie kanisani na magongo?"

"Mimi nilikuwa sawa!" Jackline alilia. "Nilikuwa sawa kabisa! Ninyi ndio mlichelewa!"

"Sisi?" Rozalia alikuwa anaruka kwa mguu mmoja. "Mtoto wa juzi unaniambia nimechelewa kwenye kinu nilichokikuta kabla mama yako hajaota jino?"

Walijaribu tena Jumatatu ile, mara nne. Kila Rozalia alipopumua, michi iligongana. Jackline aliuegemeza mchi wake ukutani, akaingia ndani, akajifunika blanketi. Rozalia aliondoka anachechemea. "Tubebe kapu tu, Yusta," alisema akiwa langoni. Lilikuwa neno ambalo Yusta hakuwahi kulisikia kinywani mwake.

Usiku huo usingizi ulimpita Yusta kando. Neno moja la mtoto lilikuwa linamzunguka. Nilikuwa sawa. Sawa na nani, wakati wenzake wawili walikuwa kwingine?

Asubuhi ya Jumanne, baada ya rozari na chai, alimtuma Jackline kwa jirani Batuli kuazima chekecheke. Batuli ni Mwislamu, mjukuu wa mfanyabiashara aliyepanda zamani kutoka pwani akafungua duka Mlandege. Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha mtaa mzima, na mazungumzo yake hayana mlango wa kutokea. Yusta alijua ana muda. Alivuta sanduku la bati, akatoa simu. Si kucheza. Alitaka kuona tu.

Aliiwasha. Akagusa kile kipicha cha ngoma alichokuwa anamwona mtoto akikigusa. Wimbo ukaanza, na vitofali vya rangi vikaanza kuteremka kutoka juu ya kioo, kimoja kimoja, mpaka kwenye mstari wa chini. Kikifika mstarini unakigusa. Ukiwahi, umekosa. Ukichelewa, umekosa. Yusta alikosa vyote. Simu ikamwandikia kitu chekundu ambacho hakuhitaji kukielewa.

"Aa, wewe," aliiambia.

Alitoka nje akakaa kwenye kigoda karibu na turubai, kwa sababu kuku hawaaminiki, akajaribu tena. Safari hii hakuangalia vitofali. Alifumba macho nusu, akasikiliza kama anavyosikiliza kinu. Vitano. Akajaribu tena. Kumi na viwili. Jamani! Kikawepo kinyota, kikazunguka, kikaimba. Tangu darasa la saba hakuna mtu aliyewahi kumpa Yusta nyota. Akasema huu wa mwisho. Akacheza huo wa mwisho. Akasema basi huu ndio wa mwisho kweli, na mbele za Mungu alicheza wa mwisho mara saba.

"Bibi!"

Alisikia kama sauti ya mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Bibi! Mbuzi!"

"Subiri kidogo," Yusta alisema, "nimebakiza vinne tu."

Kukawa kimya. Kimya kile ndicho kilichomzindua. Aliinua kichwa polepole. Jackline alikuwa amesimama na chekecheke mkononi, mdomo wazi. Nyuma yake Batuli, ameshika kiuno. Na katikati ya turubai, amesimama kwa miguu yake yote minne, mbuzi wa Batuli alikuwa anamalizia kona ya mwisho ya kimea cha Jumapili ya Mavuno. Alimtazama Yusta, akatafuna, akacheua.

Yusta alijaribu kuficha simu ndani ya khanga. Simu ikaimba wimbo wake kwa nguvu zaidi.

Wa kwanza kucheka alikuwa Batuli. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Shoga yangu! Wallahi leo nimeona!"

"Mbuzi wako mwizi, Batuli!"

"Mwizi yupi? Kamkuta mwenye nyumba yupo, macho mawili, hakusema kitu. Kaona amekaribishwa."

"Mbuzi wa Kiislamu anakula togwa ya Wakatoliki!"

"Basi mshukuruni, kawahi misa kabla yenu!"

Jackline alikuwa anajizuia, mashavu yamejaa, na Yusta alipomwangalia naye akashindwa. Wote watatu walicheka mpaka machozi, na mbuzi akaondoka zake taratibu, tumbo mbele.

Batuli alipokwisha kwenda, Yusta alimkalisha mjukuu wake kando. Hakupenda kuahirisha jambo la haki. "Ijumaa nilikukasirikia. Leo nimefanya lilelile, na mimi ni mtu mzima na nilikuwa natoka kusali. Nisamehe."

Jackline hakuwahi kuombwa msamaha na mtu mzima. Alichezea ukingo wa gauni. "Ulifikisha ngapi, Bibi?"

"Kuna nyota mbili."

"Mbili! Siku ya kwanza!"

"Niache na nyota. Niambie kitu. Jana ulisema ulikuwa sawa. Mle ndani, nani anakwambia uko sawa?"

"Simu. Simu ndiyo inajua. Wimbo ukianza haubadiliki, hata ukichoka, hata ukilia. Unaufuata tu."

"Ndipo nilipokuwa sijaelewa." Yusta alichukua mchi wake. "Rozalia si simu. Rozalia anapumua. Ana goti linalomuuma baridi ikishika. Mpigo wetu hauko juu unakuja chini kama vitofali, uko mabegani mwa watu. Njoo hapa. Usiangalie kinu. Angalia bega langu. Bega linasema kabla ya mchi."

Alitwanga upesi, akapunguza, akaongeza. Mtoto alikodolea bega lile macho makali ya mtu aliyezoea kungoja kitu kifike mstarini. Alikosa mara mbili. Mara ya tatu Yusta alipunguza ghafla, na mchi mdogo ukapunguza pamoja naye, ukashuka mahali pake.

"Nimeona!" Jackline alipiga kelele. "Linapanda kidogo kwanza!"

"Ee! Linapanda kwanza."

"Bibi, na mimi nikufundishe?" Sasa alikuwa amewaka. "Wewe ulikosa kwa sababu ukikosa kimoja unakiwaza. Nilikuona. Ukikiwaza, vinavyofuata vyote vinakupita. Kiache kiende. Unangoja kinachokuja, unakidaka hicho."

Yusta aliuegemeza mchi wake kinuni. Alikuwa ameyaishi maisha marefu kidogo, na kuna kimoja alikiwaza miezi mitatu dirisha likiwa limefungwa. "Umesema vema, mjukuu wangu," akasema.

Waliweka sheria siku hiyo. Simu inawashwa mara moja kwa siku, birika likitengwa jikoni. Maji yakianza kuimba, simu inalala. Waya za masikioni zinabaki sandukuni, maana mtu lazima asikie akiitwa. Na asiwepo mtu anayecheza huku analinda kitu, awe mtoto au bibi.

"Na mbuzi afungwe," Jackline aliongeza.

"Na mbuzi afungwe."

Rozalia alirudi Jumatano baada ya kubembelezwa, amevaa mabuti ya marehemu mumewe. "Kwa usalama," alisema. Alitwanga huku anamtazama mtoto kwa shaka. Akavuta pumzi. Mchi mdogo ukangoja. Akaharakisha. Mchi mdogo ukaharakisha. Ilipofika Ijumaa alikuwa amevua mabuti.

Jumamosi asubuhi jumuiya ilikutana kwa sala. Baada ya Injili Yusta alisimama, mikono ameikunja. Angeweza kusema mbuzi alikata kamba. "Ndugu zangu, kimea hakipo," alisema. "Kuku walikula robo, mjukuu wangu akiwa anacheza gemu kwenye simu. Kilichobaki alikula mbuzi." Akaikunjua mikono. "Mimi nikiwa nacheza gemu kwenye simu."

Apolonia alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, mabega yakaanza kutikisika. Kisha nyumba nzima ikalipuka. Hata Vitus katekista, mtu ambaye kicheko chake huonekana Pasaka kwa Pasaka, alivua miwani akaifuta.

"Mama Yusta, ninyi wawili mlifikisha ngapi?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Mimi nyota mbili. Mtoto ana kumi na nane."

Kabla ya saa sita mchana kila nyumba ilikuwa imeleta kimea chake, huyu kopo, yule bakuli, na togwa ikawekwa kwenye madumu ichachuke.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje madirishani, mabega yamejikunyata ndani ya masweta kwa baridi ya Juni. Jumuiya nyingine zilipita na ndizi zao na nyanya zao na mwanakondoo wao anayelia. Kisha wanaume wanne wakaingia na kinu. Mahindi yakamiminwa. Watu walipoona mshika mchi wa tatu kimo chake kinapita kinu kidogo tu, wakaanza kunong'onezana.

"Usiogope," Yusta alisema.

"Siogopi. Nyamaza, Bibi, nataka kuona bega."

Rozalia akaanza. Du. Yusta akafuata. Du. Jackline akapenya. Du. Wimbo ukaingia juu yao, na kabla ya ubeti wa kwanza kwisha mabenchi ya mbele yalikuwa yanayumba. Mchi wa Marcelino ulikuwa unapanda na kushuka. Yusta aliuona ukipita karibu na uso wake, mti aliouchonga mumewe, mikononi mwa mtu anayempenda, na alitaka kuinua macho amshukuru Mungu.

Akayainua. Kwenye benchi la kwanza, miguu yake iliyovimba imenyooshwa juu ya kigoda, alikuwa amekaa Esnath. Alikuwa amekuja kutoka Mbeya bila kumwambia mtu. Anacheka, anapiga makofi, machozi yanamtiririka.

Mchi wa Yusta ukabaki hewani.

Pigo la pili halikuja. Palikuwa na shimo mahali pake, na Yusta alilisikia kama mtu anayekosa ngazi gizani. Kanisa zima limesikia, aliwaza. Akataka kulidaka pigo lililokwisha kwenda, na kwa kulitaka hilo likampita na lililofuata.

Lakini mchi mdogo haukusimama. Ulishuka mahali pake, ukaacha shimo kama lilivyo. Rozalia akashikilia hapo, akapiga. Mchi mdogo tena.

"Kiache kiende, Bibi," sauti ndogo ikasema karibu na kiwiko chake. "Angalia bega langu. Sasa!"

Yusta aliangalia. Bega la mtoto, ndani ya gauni la kitenge lililoshonwa wiki hiyohiyo, lilipanda kidogo. Akaingia.

Du, du, du!

Vigelegele vilipasuka mpaka madirishani. Rozalia alipiga sauti yake ya kuita watu ng'ambo ya bonde, na ubeti wa mwisho alipopunguza, kama anavyopunguza kila mwaka kwa sababu ya goti, michi mitatu ilipunguza kama kiumbe kimoja. Palepale penye ufa wa mwisho, kutoka benchi la kwanza, Esnath akapiga kofi lake moja. Lilitua sawasawa.

Nje, watu wakinywa togwa, Esnath aliishika mikono ya Jackline akaigeuza. Viganja vilikuwa na malengelenge manne.

"Nani kakufundisha, mwanangu?"

"Bibi. Na simu."

"Simu gani hiyo inayotwanga?" Esnath alimgeukia Rozalia. "Mbona Mbeya sijaiona?"

"Usiitafute," Batuli alisema. Alikuwa amekuja kwa ajili ya togwa tu, kikombe cha pili mkononi. "Imeshamharibu Yusta. Na mbuzi wangu tangu hapo hali majani."

Jackline alimvuta bibi yake khanga. "Bibi, ulikosa viwili leo."

"Nani kahesabu?"

"Mimi."

"Basi nipe nyota."

Mtoto akafikiri kwa haki kabisa. "Nakupa moja na nusu."

Asubuhi ya Jumatatu Yusta alitenga birika jikoni, akapuliza mkaa. Aliposimama, Jackline alikuwa amekwisha kaa kwenye kigoda, mikono magotini, anangoja, macho kwenye sanduku la bati alilokwisha kulivuta kutoka chini ya kitanda.

"Sogea," Yusta alisema. "Leo naanza mimi. Mbuzi kafungwa?"

"Kafungwa."

"Kuku?"

"Bandani."

"Haya, washa. Na hayo maji yakiimba, uniambie."